Somo la Kikundi: Daktari wa Zahanati na Ugonjwa wa Mawazo

Ndugu wanakikundi, leo twataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huupeleka zahanati bila kujua kwamba tumeupeleka.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mchuna chai. Si mtu fulani, lakini kila kikundi kitamtambua. Anafika zahanati akisema kichwa kinamuuma, mgongo pia, moyo unaenda mbio, chakula hakina ladha, na ikifika saa nane za usiku yuko macho mpaka kuche. Anapimwa malaria. Anapewa dawa ya maumivu. Mwezi unaofuata anarudi, anatibiwa taifodi. Mara ya tatu anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Pesa za bonasi zinaishia kwa chemisti, na mama bado ni yule yule.

Methali husema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini huyu mama hakuficha kitu. Hakuulizwa tu. Na daktari naye tusimlaumu haraka, kwa maana hapa kwetu Kericho na Bomet mtu aliyebeba kikapu cha majani tangu asubuhi ana kila sababu ya kuumwa na mgongo. Ni rahisi wote wawili kuamini kwamba shida ni mgongo peke yake.

Madaktari huuita ugonjwa huu dipresheni. Si huzuni ya siku moja, wala ya bei ya majani kushuka. Ni huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, inayokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi mbaya, uchovu, kujiona huna maana, na pengine kuwaza kifo. Wanaume wengi hawasemi wana huzuni. Utaona hasira, ugomvi nyumbani, na chang'aa. Sisi twasema tu "huyo amekuwa mlevi", kisha tunanyamaza.

Zamani tulidhani matibabu ya akili ni Mathari peke yake. Hospitali hiyo ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, na mpaka leo watoto wanatumia jina lake kutukanana. Lakini madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Mama wa kuchuna chai hatawafikia. Atakayemfikia ni nesi au klinikal ofisa wa zahanati, ambaye sisi sote twamwita "daktari" na hatukosei sana.

Kwa hiyo kuanzia mwaka wa 2005 Wizara ya Afya, pamoja na chuo cha KMTC na wataalamu kutoka London, waliandaa mafunzo kwa hao hao wa mashinani. Yalikuwa ya siku 5, saa 40 kwa jumla. Wakufunzi wa KMTC walifundishwa kwanza, halafu wakawafundisha wenzao. Taarifa iliyotolewa mwaka wa 2010 ilihesabu wafanyakazi 1,671 waliokwisha kufunzwa, na alama zao za mtihani zilipanda kutoka wastani wa asilimia 42 hadi 77.

Kilichotupendeza zaidi ni jinsi walivyofundishwa. Hawakuketi tu kuandika. Mmoja alijifanya mgonjwa, mwingine daktari, na wenzao wakatazama. Hapo ndipo mtu hujifunza kuinua macho kutoka kwenye karatasi na kusema: "Mama, mbali na mgongo, nyumbani mnaendeleaje? Usingizi je? Kuna wakati umeona heri usingekuwako?" Swali hilo la mwisho watu huliogopa, wakidhani litamtia mtu wazo la kujiua. Sivyo. Kumuuliza kwa upole hakumtii wazo hilo, na mara nyingi humpa nafasi ya kushusha mzigo.

Je, mafunzo yalisaidia? Yalijaribiwa kule Nyanza, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2013. Zahanati zenye wafanyakazi waliofunzwa zililinganishwa na zile ambazo hazikuwa zimefunzwa bado. Wagonjwa wa waliofunzwa walipata nafuu zaidi, katika afya na katika maisha yao na watu. Lakini hao wafanyakazi hawakuonekana kutambua magonjwa ya akili zaidi ya wenzao. Ajabu, sivyo? Sisi twaelewa hivi: kusikilizwa vizuri ni sehemu ya dawa, hata kabla ugonjwa haujapewa jina. Lakini tusitosheke hapo, kwani ugonjwa usipojulikana, hata dawa yake haitaagizwa.

Kuna pia madaktari wa familia, yaani wale wanaosomea kumtibu mtu mzima na jamaa yake yote, mwili na akili. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafundisha mwaka wa 2005, na hospitali ya Tenwek, hapa kwetu Bomet, ni moja ya mahali wanapopata mafunzo. Bado ni wachache.

Basi kikundi kifanye nini? Ukimpeleka mtu zahanati, msaidie aseme yote, si mgongo tu: usingizi, mawazo, pombe, msiba. Akipewa dawa ya dipresheni, ajue kwamba kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na asiiache ghafla bila kumwona daktari. Mwenye kifafa naye apelekwe zahanati. Kifafa hakiambukizi, na mtoto akianguka motoni mtoe mara moja bila kuogopa mate yake.

Halafu kuna jambo la sumu. Dawa ya kupe na dawa za shambani zifungiwe kwa kufuli, hasa nyumba ikiwa na mtu mwenye mawazo mengi. Hatari kubwa mara nyingi huja kwa ghafla na kupita, na kufuli humpa mtu muda. Aliyejaribu kujiua akimbizwe hospitali, na mwelezeni daktari ukweli wote, pamoja na sumu aliyokunywa. Zamani familia zilificha kwa kuogopa polisi, lakini tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mtu huyo kuwa mhalifu, ni kinyume cha Katiba.

Na yanayosemwa kikundini yabaki kikundini. Mama akisikia habari zake kwenye kituo cha kuuzia majani, hatafungua kinywa tena.

Maswali ya kujadiliana: Katika zahanati yetu, ni nani amepata mafunzo ya magonjwa ya akili? Nani atakwenda kuuliza, na lini? Dawa zake zinapatikana, au mgonjwa hutumwa kununua? Nani kati yetu hajaonekana mikutano mitatu, na ni nani atakayepita kwake wiki hii, bila kumdai mchango?