Betri mpya, asubuhi gari haliwaki

SWALI: Nimebadilisha betri mara mbili, lakini gari likilala siku mbili haliwaki. Fundi anasema alteneta imekufa. Ninunue nyingine?

JIBU: Bado. Injini ikinguruma, pima betri: ukipata volti 13.8 hadi 14.4, alteneta inachaji, kwa hiyo mshukiwa ni umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Unganisha mita ya ampea kati ya betri na waya wake wa hasi, funga milango, subiri nusu saa kompyuta zilale. (Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.) Ikizidi ampea 0.05, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Utasema nusu ampea ni kitu gani? Kwa siku mbili hula ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ya 45. Fundi anaweza kuwa na hoja: dayodi mbovu ya alteneta huvujisha pia, hata ikichaji. Ila hilo lithibitishwe baada ya fyuzi, kabla hujatoa pesa.