Kwa Nini Mtoto Hukataa Uji wa Asubuhi?

Katika nyumba nyingi za Lisekese, karibu na mji wa Masasi, chakula cha asubuhi cha mtoto mdogo ni uji wa muhogo, wa mtama au wa mahindi, ama kipande cha muhogo wa kuchemsha pamoja na chai ya rangi. Mara nyingi mtoto wa mwaka mmoja au miwili hunywa vijiko vichache, kisha hugeuza uso. Mama aliye na haraka ya kwenda shambani humwita mkaidi. Wengine humshika kichwa na kumnywesha kwa nguvu. Hata hivyo, sayansi ya lishe yaonyesha kwamba mara nyingi kosa halimo katika tabia ya mtoto, bali limo katika uji wenyewe. Hili si jambo dogo, kwani mtoto asiyepata nishati na protini za kutosha katika miaka yake miwili ya kwanza hudumaa, na kimo anachokipoteza wakati huo ni vigumu kukirudisha baadaye.

Tumbo dogo, mahitaji makubwa

Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 huweza kula kiasi cha gramu 300 tu za chakula kwa mlo mmoja. Lakini kwa siku nzima mwili wake huhitaji kilokalori 800 hadi 1,000 hivi, ambazo sehemu yake huzipata katika maziwa ya mama.

Sasa na tuutazame uji. Chembe za wanga zikipashwa moto ndani ya maji huyanyonya, huvimba na kushikamana. Ndiyo sababu unga kidogo tu huufanya uji kuwa mzito. Ili mtoto aweze kuunywa, mama huongeza maji, na uji mwepesi wa namna hiyo huwa na gramu 6 hivi za unga katika kila gramu 100. Kwa hiyo gramu 300 za uji zina gramu 18 za unga. Kwa kuwa gramu 100 za unga hutoa kilokalori 350 hivi, mtoto aliyelijaza tumbo lake amepata kilokalori 63 tu. Ameshiba maji. Akikataa kijiko kinachofuata, tumbo lake limesema kweli.

Kazi ya kimea

Wapishi wa pombe ya mtama wamekijua kimea tangu zamani. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya viitwavyo amilesi, ambavyo huikata minyororo mirefu ya wanga kuwa vipande vifupi visivyoweza kushika maji mengi. Mwaka 1983 watafiti A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba unga kidogo wa kimea huufanya uji mzito kuwa mwepesi kwa dakika chache, bila kuongeza maji. Baadaye jambo hilo lilijaribiwa kwa watoto katika kijiji cha Luganga, mkoani Iringa.

Uji wenye gramu 20 za unga katika kila gramu 100 kwa kawaida hukaribia ugali laini. Ukitiwa kimea hunyweka, na gramu 300 zake hutoa kilokalori 210 hivi. Tumbo ni lile lile, lakini nishati imezidi mara tatu.

Kimea hutengenezwa hivi: ulezi au mtama huoshwa, hulowekwa usiku kucha, humwagwa maji, kisha hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uote. Baada ya hapo huanikwa juani hadi ukauke kabisa. Kwa mtama hapana budi kupukusa na kutupa mizizi na machipukizi yote, kwa sababu yana sumu ya sianidi; ulezi hauna hatari hiyo. Kisha nafaka husagwa. Uji mzito ukiisha kuiva huachwa upoe hadi kidole kiweze kuuvumilia, hutiwa kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe, hukorogwa, na ukiisha kulegea huchemshwa tena kwa dakika chache ili kuua vijidudu.

Kuutajirisha uji

Wanga peke yake hautoshi. Unga wa muhogo una protini kidogo mno, usiozidi gramu 2 katika gramu 100. Karanga zina gramu 25 hivi, na korosho na njugu mawe zina gramu 18 hivi. Zote hulimwa Masasi na Newala. Kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa huongeza protini na mafuta, na ladha yake huwavuta watoto wengi. Papai, embe, au maji ya mabibo wakati wa msimu wa korosho huleta vitamini C, ambayo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde. Chai, kinyume chake, ina tanini zinazoyazuia madini hayo. Haifai kumpa mtoto mdogo.

Karanga zenye ukungu zitupwe, kwani huenda zina sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Muhogo mchungu ulowekwe na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa. Mtoto mdogo asipewe karanga au korosho nzima, kwani zaweza kumpalia.

Mtoto anayechagua

Wapo pia watoto wanaokataa chakula kwa sababu ni kigeni kwao. Hofu hiyo ni ya kawaida tangu umri wa miaka miwili hivi. Leann Birch na mwenzake, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1982, waliona kwamba watoto wa miaka miwili walikipendelea zaidi chakula kipya kadiri walivyokionja mara nyingi. Basi mzazi asikate tamaa siku ya pili. Aweke kidogo kando ya chakula kilichozoeleka, ale naye mbele ya mtoto, wala asimlazimishe. Haba na haba hujaza kibaba.

Jaribio la darasani

Pika uji mzito, uache upoe kidogo, uugawe katika vikombe vitatu. Kikombe A kisitiwe kitu. Kikombe B kitiwe kijiko cha kimea kilichokorogwa katika maji. Kikombe C kitiwe kiasi hicho hicho cha kimea kilichokwisha kuchemshwa kwa dakika kumi. Baada ya dakika 15, linganisha uzito wa uji wa kila kikombe kwa kijiko.

Maswali

1. Kwa nini uji wa kikombe C haulegei kama ule wa B?
2. Mtoto wa kilo 8 hula gramu 240 kwa mlo. Atapata kilokalori ngapi kwa uji wenye unga asilimia 6, na ngapi kwa wenye asilimia 20?
3. Kwa vyakula vinavyopatikana kijijini kwako mwezi huu, panga mlo wa asubuhi wa mtoto wa miaka miwili, ukieleza kazi ya kila chakula.