Kupima Programu ya Ripoti Kabla ya Kuinunua

Mtengenezaji wa mfumo wa chama cha akiba na mikopo, hapa Ilomba jijini Mbeya au kwingineko, anaweza kuwa na hifadhidata sahihi na bado akatoa ripoti yenye kasoro. Tunashauri programu ya ripoti, iwe ya kulipiwa kama Crystal Reports au huria kama JasperReports, ipimwe hivi:

1. Tumia wanachama wanne wa kubuni. Taarifa za wanachama halisi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

2. Wape watatu akiba ya shilingi 50,000, 120,000 na 30,000. Wa nne asiweke kitu. Jumla iwe 200,000, na jina la wa nne lionekane likiwa na sifuri. Likitoweka, chunguza majedwali yalivyounganishwa: asiyeweka akiba mwezi huu huenda bado anadaiwa mkopo.

3. Ongeza majina hadi ripoti ivuke ukurasa mmoja; jumla kuu isianze upya.

4. Omba kwa maandishi gharama ya leseni kwa kila mtumiaji, na nani atamiliki violezo vya ripoti mkataba ukiisha.

Programu isiyofaulu vipimo hivi isilipiwe, hata ikiwa bei yake ni nafuu.