Jumatatu: Jina Limo Daftarini, Mwenyewe Hayupo

Soma Mathayo 21:28–31. Mwana aliyekubali kwenda alikosea wapi?

Mwana huyu alimjibu baba yake kwa adabu. Hakukataa kazi. Kosa lake ni kwamba hakuonekana shambani.

Mwaka 2014 utafiti wa Benki ya Dunia ulifikia shule za msingi za Tanzania bila kutoa taarifa. Karibu nusu ya walimu hawakukutwa darasani, na wengi wao walikuwamo shuleni. Walikuwa wamefika kazini, lakini watoto walikuwa bado wanawasubiri.

Kibarua wa pamba Bariadi asipofika, siku hiyo halipwi. Mwajiriwa wa serikali aweza kukosa siku nzima na mshahara ukaingia vilevile. Je, dawa ni fedha? Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilijaribu mpango wa KiuFunza katika shule 350 nchini. Ruzuku peke yake haikuinua kiwango cha kujifunza. Ruzuku ilipoambatana na bonasi kwa walimu ambao wanafunzi wao walifaulu, kiwango kilipanda.

Biblia haidharau malipo (soma Yakobo 5:4). Hata hivyo, Yohana 10:12, 13 huonyesha kikomo chake: mtu wa mshahara hukimbia hatari inapokuja, kwa kuwa kondoo si wake. Wakolosai 3:23 humpa mtendakazi Bwana ambaye hahitaji daftari la mahudhurio.

Soma Kutoka 20:9, 10. Amri ya Sabato inasema nini kuhusu siku sita?

Fikiria mwalimu Mwadventista katika kijiji cha Simiyu. Ijumaa anamwomba mwalimu mkuu amwondolee kipindi cha Jumamosi, naye anakubaliwa. Jumatatu mvua imenyesha, palizi ya pamba inamwita, na darasa linabaki bila mwalimu. Ijumaa ijayo atakapoomba tena, mwalimu mkuu atafikiri nini juu ya Sabato? Na watoto waliokosa kipindi wamejifunza nini juu ya Mungu wake?

Kwa majadiliano: Mwalimu huyo anaishi mbali na shule kwa kukosa nyumba, na kanisa humwita vikaoni saa za kazi. Anawiwa nini na watoto? Mwajiri anawiwa nini naye? Na kanisa lenu lirekebishe nini?