Mbio za Magari katika Simu: Jinsi ya Kuchagua Mchezo wa Kushindania

Katika likizo iliyopita mpwa wangu, aliye kidato cha pili, alikuja kukaa nyumbani kwangu. Kila jioni, kazi za nyumbani zikiisha, yeye na kijana wa jirani walishindana mbio za magari katika simu zao. Na kila jioni mpwa wangu alishindwa. Siku moja nilimkuta amejikunyata barazani, kimya. Nikamwuliza kisa.

"Shikamoo, mjomba. Tafadhali usinikasirikie. Ile fedha ya madaftari aliyonipa mama, shilingi 12,000, nimenunulia injini."

"Injini gani?"

"Ya gari la mchezoni. Mwenzangu anayo. Mimi sikushindwa kuendesha, mjomba. Nimeshindwa kununua."

Nilimkaripia, maana ilinipasa. Lakini usiku ule maneno yake ya mwisho hayakunitoka kichwani. Mimi ni mwalimu wa Fizikia. Nikajiuliza: ikiwa mchezo wajiita wa magari halisi, mbona mshindi apatikane kwa mfuko badala ya mkono? Basi nikaukagua mchezo ule, kisha na mingine, kwa kutumia yale yale ninayoyafundisha darasani. Haya niandikayo ni matunda ya kazi hiyo. Ikumbukwe kwamba sheria ya shule yetu haikubadilika: simu haziingii shuleni. Somo hili ni la likizo, na wazazi nao wanakaribishwa kulisoma.

1. Aina mbili za michezo

Michezo ya mbio za magari ni ya aina mbili. Aina ya kwanza hutafuta furaha tu. Mfano ni Asphalt 9 ya kampuni ya Gameloft, iliyotolewa mwaka 2018. Humo gari liliweza kuruka, likajizungusha hewani, likatua na kuendelea na mbio kana kwamba halikupatwa na jambo. Tena palikuwa na namna ya kucheza ambayo mchezo wenyewe ulishika usukani, na kazi ya mchezaji ikawa kuchagua njia tu. Hapana ubaya katika hayo, mradi mchezaji ajue anachokicheza.

Aina ya pili ni kiigizi, yaani mchezo unaojaribu kuiga mwendo wa gari halisi kwa hesabu za Fizikia. Matairi, breki, uzito na barabara vyote vina kazi yake. Atakaye kushindana kwa ustadi atafute aina hii. Lakini jina lililoandikwa juu ya mchezo si ushahidi, wala picha nzuri si ushahidi. Gari laweza kung'aa kama kioo na huku likienda kama kigari cha mti. Ushahidi ni majaribio, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuyafanya mwenyewe.

2. Majaribio matatu

Jaribio la kwanza ni la breki. Twajua kwamba umbali wa kusimama huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kanuni ni hii: mwendo mara mwendo, gawanya kwa mara mbili ya msuguano mara mvutano wa dunia. Tuchukue msuguano wa tairi na barabara kavu kuwa 1, na mvutano wa dunia kuwa 10. Gari lendalo kilometa 100 kwa saa, yaani kama mita 28 kwa sekunde, litasimama baada ya mita 39 hivi. Likienda kilometa 200 kwa saa halitasimama baada ya mita 78, bali mita 154 hivi. Mwendo umezidi mara mbili, umbali umezidi mara nne.

Basi chukua gari la kawaida katika mchezo, ufunge breki kwa mwendo wa 100, kisha kwa 200. Pima kwa vibao vya mita vilivyo kando ya njia, au kwa kuhesabu mistari ya barabarani. Usitafute usahihi wa maabara. Gari lenye mabawa ya kukandamiza hewa, kwa mfano, litasimama mapema zaidi. Lakini ukiona umbali wa pili ni karibu sawa na wa kwanza, funga mchezo huo. Si kiigizi.

Jaribio la pili ni la kona. Mwendo mkubwa ambao gari laweza kuupitia kona ni kipeuo cha pili cha msuguano mara mvutano wa dunia mara nusu kipenyo cha kona. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, barabara ikiwa kavu, yatupa kipeuo cha 500, yaani mita 22 kwa sekunde, karibu kilometa 80 kwa saa. Mvua ikinyesha, msuguano ukashuka hadi 0.5, twapata kilometa 57 tu. Kwa hiyo, mchezo wenye mvua ambayo haikupunguzii mwendo konani una mvua ya kutazamwa, si ya kuendeshea.

Jaribio la tatu ni la uzito. Mmepata kupanda basi: dereva akifunga breki ghafula, abiria wote huinamia mbele. Gari nalo hufanya vivyo hivyo. Uzito hukimbilia matairi ya mbele, na ya nyuma yakawa mepesi. Basi ingia konani kwa kasi, kisha ufunge breki kwa nguvu ukiwa katikati ya kona. Katika kiigizi chema gari litakataa kukata kona, au mkia wake utateleza. Sababu ni kwamba tairi lina kiasi kimoja tu cha kushika barabara. Shilingi uliyokwisha kuitoa kwa chumvi huwezi kununulia kiberiti. Na nguvu ya tairi uliyoitumia kwa breki huwezi kuitumia tena kwa kukata kona. Ndiyo maana madereva hodari hufunga breki gari likiwa bado limenyooka, wakaiachilia kidogo kidogo wanapoingia konani.

3. Mkono au mfuko?

Mchezo waweza kufaulu majaribio yote matatu na bado usifae kwa mashindano. Hapa ndipo alipoumia mpwa wangu. Mwaka 2013 ilitolewa Real Racing 3, yenye magari ya viwanda halisi na viwanja halisi kama Silverstone cha Uingereza. Ilipatikana bure. Lakini magari yalihitaji matengenezo, na matengenezo yalikwenda kwa saa: ama ungoje, ama ulipe kwa dhahabu ya mchezo, ambayo iliweza kununuliwa kwa fedha ya kweli. Wachezaji na waandishi wengi walilalamika. Mchezo ule ulikuwa pia na ufundi wa kukushindanisha na mtu asiyekuwapo: kompyuta iliendesha gari lake kwa kuufuata muda aliouweka zamani. Jambo hilo lafaa mahali penye mtandao hafifu, lakini si sawa na mpinzani aliye hai mbele yako.

Njia nyingine ni ya mchezo unaolipiwa mara moja tu. GRID Autosport ililetwa katika simu za iPhone mwaka 2017, na katika simu za Android mwaka 2019, kwa bei ya mara moja, bila duka la kununulia nguvu ndani yake. Mzazi akiuliza bei, basi aulize pia swali la pili: baada ya bei hiyo, je, kuna nyingine? Mara nyingi kitu cha bure kinachoomba kila wiki huwa ghali kuliko kitu chenye bei.

Kwa mashindano, mchezo na utoe haya: magari yaliyo sawa kwa wote, na uwezo wa kuzima misaada. Misaada ni kama kusaidiwa usukani, kuzuiwa matairi yasijifunge, na kuzuiwa yasizunguke bure. Anayeanza si vibaya akaitumia. Lakini katika mashindano, ama wote wawe nayo, ama wote waiache.

4. Simu yenyewe

Simu nazo hazilingani. Picha ya mchezo ni mfululizo wa picha nyingi. Simu ikionyesha picha 30 kwa sekunde, gari lendalo kilometa 200 kwa saa husogea karibu mita 1.9 kati ya picha na picha. Ikionyesha 60, husogea chini ya mita moja. Anayeona mapema hufunga breki kwa usahihi zaidi. Tena simu ikipata joto jingi hujipunguzia kazi yenyewe ili isiungue, na picha zikaanza kusitasita. Kwa hiyo usiiache juani, wala usishindane huku umeichomeka kwenye umeme. Kuhusu usukani, wako wanaoinamisha simu kushoto na kulia, na wako wanaogusa kioo. Jaribu zote mbili kwa mizunguko 10, uandike muda wako. Daftari litakuambia kweli kuliko mazoea.

5. Je, yafaa kitu?

Wazazi wataniuliza hivyo. Nitajibu kwa mfano mmoja. Mwaka 2008 kampuni ya Nissan pamoja na watengenezaji wa mchezo wa Gran Turismo walianza mashindano ya kuwatafuta madereva miongoni mwa wachezaji. Mshindi wa kwanza, Lucas Ordóñez wa Hispania, mwaka 2011 alipata nafasi ya pili katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Jann Mardenborough wa Uingereza, mshindi wa mwaka 2011, alipata ya tatu katika daraja lake huko huko mwaka 2013. Lakini angalieni: hawakutoka kwenye kiti cha nyumbani wakaenda moja kwa moja mbioni. Walifundishwa katika magari halisi. Simu haikupi uzito wa gari mgongoni, wala haikupi hofu. Ajifunzaye kona katika simu amejifunza kufikiri. Hajajifunza kuendesha, na barabara ya umma si mahali pa kujaribia.

6. Mwisho wa kisa

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, hayaachi magari yote yaondoke kwa pamoja. Huondoka moja moja, na saa ndiyo mwamuzi. Nikaona njia hiyo yatufaa. Niliwaita vijana wote wawili barazani, nikaweka simu moja, yangu, yenye mchezo mmoja uliokwisha kulipiwa. Gari moja, uwanja mmoja, misaada yote imezimwa, mizunguko mitatu kila mtu, na muda bora ndio uhesabiwe. Hapakuhitajika mtandao wala kifurushi. Injini iliyonunuliwa haikuwa na mahali pa kuingia.

Je, mpwa wangu alishinda? La. Alishindwa kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Lakini safari hii hakuniomba fedha. Aliniomba kalamu. Tukachora kona ya tatu, tukakokotoa mwendo wake, tukaona kwamba alikuwa akifunga breki kwa kuchelewa na kutoka konani polepole. Siku ya nne tofauti ilikuwa sehemu moja ya kumi. Madaftari aliyanunua baadaye kwa fedha aliyoipata kwa kunisaidia kupalilia shamba.

Basi, mwenye kuchagua na ajiulize matatu: Je, mchezo huu huniadhibu nikikosea? Je, wote twaendesha gari lililo sawa? Je, nikishindwa, nitarudi kwenye mazoezi au dukani? Jibu la swali la tatu ndilo litakalokuonyesha kama umepata mchezo au umepata mdai.

Maswali ya zoezi

1. Gari lasimama baada ya mita 20 likienda mita 20 kwa sekunde. Litasimama baada ya mita ngapi likienda mita 40 kwa sekunde, barabara ikiwa ile ile?
2. Kona ina nusu kipenyo cha mita 90 na msuguano ni 1. Tafuta mwendo mkubwa wa kuipitia, kwa mita kwa sekunde na kwa kilometa kwa saa.
3. Katika swali la pili, uzito wa gari haukutajwa. Eleza kwa nini haukuhitajika.
4. Tunga kanuni tano za mashindano ya haki kwa vijana wanne wenye simu moja.