SOMO: ZAWADI ILIYOPITIA MLANGO WA WANA

Rushwa ikitajwa twaona mara moja bahasha ipitishwayo chini ya meza. Kwa hiyo mtu ambaye hajapokea bahasha hujiona safi. Mwezi huu tuzitazame habari za Ray Nagin, aliyekuwa meya wa New Orleans katika nchi ya Marekani, yaani mkuu wa mji achaguliwaye kwa kura za wenyeji. Kesi yake yafaa kusomwa polepole, hasa na wale washikao mali ya watu wengi.

Nagin hakutoka katika siasa. Alikuwa msimamizi wa kampuni ya televisheni, na mwaka 2002 watu walimchagua wakitumaini kwamba atausafisha utawala wa mji. Naye akaanza kwa nguvu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule polisi wakaingia katika idara ya teksi, ambako vibali vilisemekana kuuzwa kwa rushwa, wakawakamata watu wengi. Mmoja wao alikuwa binamu yake meya mwenyewe, naye hakumkinga. Tendo hilo lilimpatia sifa kubwa.

Kisha tarehe 29 Agosti 2005 tufani iitwayo Katrina ikaupiga mji. Kuta za kuzuia maji zikabomoka, na kama sehemu 8 katika 10 za mji zikafunikwa na maji. Hesabu ya watu ya mwaka 2000 ilikuwa wenyeji 484,674. Ile ya mwaka 2010 ilikuwa 343,829 tu. Palikuwa na majumba na njia za kujenga upya, fedha za serikali kuu zikamiminika, na wakandarasi wakaja kutafuta kazi. Sahihi ya meya ikazidi thamani. Mwaka 2006 Nagin akachaguliwa tena, akakaa katika kazi yake hata Mei 2010.

Basi, meya huyo alikuwa na biashara ndogo pamoja na wanawe, ya kutandika mawe ya granaiti juu ya meza za jikoni. Mkandarasi mmoja aliyetaka kazi za mji alitoa dola 50,000, na tena malori ya granaiti bila malipo. Mwingine alitoa dola 60,000, zikaitwa mtaji katika biashara ile. Palikuwa na safari pia, za Hawaii na Jamaica, zilizolipiwa na mtu aliyefanya biashara na mji. Angalieni jinsi kila kitu kilivyopewa jina la heshima: mtaji, bidhaa, mapumziko ya jamaa. Wana wenyewe hawakushtakiwa. Lakini yule aliyemwacha binamu yake akamatwe hakuona vibaya wanawe wapokee, au kama aliona, alinyamaza.

Serikali kuu ilimshtaki mwezi wa Januari 2013, kwa makosa 21: rushwa, udanganyifu, njama, na kuandika hesabu za uongo za kodi. Jambo hili la kodi huwashangaza wengi. Sheria ya Marekani yataka kila pato liandikwe, hata pato lililopatikana kwa uovu. Kwa hiyo mla rushwa akificha fedha hizo huongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Nagin alikana yote, akapanda mwenyewe kizimbani kujitetea. Baadhi ya wale waliompa walikuwa wamekwisha kukiri, wakatoa ushuhuda juu yake. Tarehe 12 Februari 2014 wananchi 12 waliosikiliza kesi walimwona ana hatia katika makosa 20.

Sasa twafika penye fundisho kubwa. Katika rufaa yake Nagin alilalamika juu ya jambo ambalo hakimu aliwaambia wale 12: kwamba mtu mwenye cheo hawezi kujitetea kwa kusema, kazi hii ningaliitoa vivyo hivyo kwa halali, hata bila zawadi. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba maneno hayo ya hakimu yalikuwa sawa. Fikirini maana yake. Huenda mkandarasi ni fundi hodari, na bei yake ni nzuri, na barabara ikajengwa imara. Hata hivyo, kama mkuu amepokea kitu ili atumie cheo chake, kosa limekwisha kutendeka, kwa kuwa wenyeji walistahili shauri lisilonunuliwa. Teteo lile lasikika kwetu pia kila siku: Alistahili kazi, nami nilipokea asante tu. Kwa maoni yangu ndilo teteo baya kupita yote, maana mtu hulisema kwa moyo mtulivu.

Waalimu wanaosoma habari hii pamoja na watunza hazina waulize hivi: Mfanyabiashara akiwaletea watoto wangu zawadi mwezi ule ambao nachagua nani atauza mabati ya jengo letu, nimwambie nini, na nimjulishe nani?

Julai 2014 Nagin alihukumiwa kifungo cha miaka 10, na kuamriwa kulipa dola 84,264 za fidia, pamoja na kunyang'anywa dola 501,200. Akaingia gerezani huko Texas Septemba mwaka ule. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, aliruhusiwa kumalizia kifungo chake nyumbani.