Kidonda Kisichouma: Tuujue Ugonjwa wa Buruli



Mara nyingi maumivu ndiyo humpeleka mtu kwa daktari. Kidonda cha Buruli kwa kawaida hakiumi, na hapo ndipo penye hatari yake.

Jina limetokana na Buruli, eneo la Uganda karibu na Mto Nile, ambako wagonjwa wengi walionekana miaka ya 1960. Kabla ya hapo, mwaka 1897, daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikwisha kuvieleza vidonda vya namna hii. Kisababishi ni bakteria Mycobacterium ulcerans, jamaa ya wale wa kifua kikuu na ukoma. Hutoa sumu inayoua nyama chini ya ngozi na kutia ganzi. Barani Afrika, karibu nusu ya wagonjwa ni watoto chini ya miaka 15.

Utambuzi. Huanza kama kivimbe kigumu kisichouma. Baadaye hupasuka na kuwa kidonda ambacho kingo zake zimechimbika kwa chini. Mhudumu huchukua majimaji chini ya kingo kwa kijiti cha pamba, au kwa sindano ikiwa ngozi haijapasuka. Hadubini huwakosa wagonjwa wengi. Kipimo cha PCR ndicho hutegemewa.

Tiba. Ni rifampisini pamoja na klarithromaisini kwa wiki 8. Kidonda kikubwa huweza kuhitaji upasuaji na kupandikizwa ngozi. Mwenye VVU huweza kuugua vikali zaidi, na baadhi ya dawa za ARV hugongana na hizi, basi amtajie daktari kila dawa anayotumia. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu. Asidhani ni damu akaiacha.

Ibada. Mgonjwa halazimiki kufungua bendeji kila anapotawadha. Huosha sehemu zenye afya, hupangusa kwa maji juu ya bendeji, na katika madhehebu ya Shafi huongeza tayamamu. Swala haiachwi, na kidonda hakidhuriwi.

Wapo wanaosema ni uchawi, wakazunguka kwa waganga mpaka kiungo kikakunjamana. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta dawa, na dawa hii ipo. Ukienda nyumbani likizoni ukamwona mtoto ana kivimbe kisichouma, usisubiri kipasuke. Mpeleke kituo cha afya.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam.